Cheti cha SSL: cha bure kinatosha lini, na cha kulipia kinakupa nini

Ukiomba bei ya kutengenezewa tovuti, uwe Arusha au Mombasa, karatasi itakayorudi huwa na mistari inayofanana: usanifu, jina la kikoa (anwani ya tovuti), nafasi kwenye seva, kisha "cheti cha SSL". Mstari huo wa mwisho ndio unaokanganya watu. Fundi mmoja ameuandikia sifuri. Mwingine ameuandikia bei inayokaribia ile ya seva yenyewe. Wa tatu ana vyeti vya ngazi tatu na anakusihi uchukue cha juu kabisa, kwa kuwa wateja wako watalipia mtandaoni. Mwenye duka, asiyejua vyeti hivi vinafanya kazi gani, anarudi kwenye busara ya sokoni kwamba rahisi ni ghali. Analipa, na anajiona yuko salama.

Kwa bidhaa nyingi busara hiyo ni ya kweli. Kwa vyeti vya tovuti inapotosha, na inauma kuona biashara ndogo ikitoa fedha hapo wakati haina nakala rudufu ya data zake wala mtu wa kusasisha mfumo wake. Cheti cha bure na cha kulipia vinasimba mawasiliano, yaani kuyafunga yasisomeke na mtu wa katikati, kwa nguvu ileile. Vinapotofautiana ni kwenye kiasi cha ukaguzi anaofanyiwa mwombaji, na kwenye msaada anaoupata mambo yakiharibika. Halafu lipo swali zito kuliko yote, ambalo kwenye ankara halionekani kabisa: cheti kikikaribia kuisha, nani atakihuisha?

Cheti kinafanya nini

Mteja anapofungua tovuti yako, simu yake na seva yako havijuani. Katikati kuna mnara wa simu, kampuni ya intaneti, nyaya zinazopita chini ya bahari, pengine na waifai ya mgahawa ambayo haijulikani nani anaisimamia. Yeyote aliye kwenye njia hiyo angeweza kujifanya ndiye wewe. Cheti kipo ili kivinjari kiweze kujiridhisha kwamba seva iliyojibu ndiyo kweli yenye haki ya kutumia jina lililoandikwa pale juu.

Chenyewe ni faili dogo tu. Ndani yake mna jina la kikoa, ufunguo wa umma wa seva, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sahihi ya kidijitali ya mamlaka iliyokitoa, yaani taasisi inayotoa vyeti. Chrome, Safari na Firefox zina orodha ya mamlaka zinazoaminiwa. Sahihi ikiwa ya mojawapo, jina likalingana na tarehe ikawa haijapita, simu na seva hukubaliana ufunguo wa siri wa muda, na kuanzia hapo kila kinachopita kati yao kinasimbwa.

Sasa angalia nguvu hiyo ya usimbaji inatoka wapi. Haitoki kwenye bei ya cheti. Inategemea toleo la itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ambalo kivinjari na seva wameafikiana. Itifaki inayotumika leo ni TLS, ingawa ankara bado zinaandika SSL, mtangulizi wake aliyeachwa rasmi mwaka 2015. Seva iliyosanidiwa vizuri, yenye TLS 1.3 iliyochapishwa Agosti 2018, kwa kawaida itasimba kwa AES, njia ya kusimba inayotumika sana, ya biti 128 au 256, cheti kiwe kimenunuliwa au kimetolewa bure. Kwa hiyo tangazo linalotaja "usimbaji wa biti 256" kama sifa ya cheti cha bei ya juu linakuuzia kitu ambacho seva yako inacho tayari. Na seva iliyoachwa ikikubali TLS 1.0 ya mwaka 1999 inabaki dhaifu hata ukiiwekea cheti cha mamia ya dola.

Ngazi tatu, na tofauti yake

Vyeti hugawanywa kwa kiasi cha ukaguzi. Kwenye orodha za bei utaviona kwa vifupisho vyake: DV (ukaguzi wa kikoa), OV (ukaguzi wa taasisi) na EV (ukaguzi wa kina).

DV inathibitisha jambo moja: anayeomba cheti ndiye anayedhibiti jina la kikoa. Let's Encrypt, mtoaji mkubwa wa vyeti vya bure, hutoa aina hii peke yake, na utaratibu wake unafaa kuangaliwa kwa karibu. Programu iliyo kwenye seva yako, tuseme Certbot, inaomba cheti cha jina lako. Let's Encrypt inairudishia mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kubahatishwa, na kuitaka iuweke kwenye faili ndani ya folda ya /.well-known/acme-challenge/ ya tovuti hiyohiyo. Programu inauweka. Kisha kompyuta za Let's Encrypt zilizoko sehemu mbalimbali za dunia zinaifungua anwani hiyo, kila moja kwa njia yake, ili mtu aliyeteka njia moja ya intaneti asiweze kuzidanganya zote. Zikikuta mfuatano uleule, cheti kinatolewa. Sekunde chache zimepita na hakuna binadamu aliyegusa kitu.

Kampuni inayouza DV inakagua jambo hilohilo. Pengine itakutumia barua pepe kwenye anwani ya admin ya kikoa chako na kukutaka ubonyeze kiungo, au itakuomba uongeze rekodi kwenye DNS, daftari linaloelekeza jina la kikoa kwenye seva yake. Kinachothibitishwa hakibadiliki. Kulipia DV, basi, ni kulipia huduma inayozunguka cheti, na mwenye kulipa anapaswa kuuliza huduma hiyo ni ipi.

OV inaongeza hatua: mamlaka inahakikisha kwamba taasisi iliyoomba ipo kisheria. Kwa kampuni ya Tanzania, usajili wake wa BRELA utaangaliwa, na mara nyingi watapiga simu kwenye namba waliyoipata kwenye chanzo kingine, si ile uliyowapa wewe. EV inakwenda mbali zaidi: inachunguza kama kampuni inaendesha shughuli kweli, anwani yake ya mahali, na kama aliyetia saini ombi ana mamlaka ya kufanya hivyo. Hapa kuna kazi ya watu, na kazi ya watu ina gharama. Hakuna mtoaji wa bure wa OV wala EV, na sababu inaeleweka.

Swali linalobaki ni kama mteja wako anauona ukaguzi huo. Chukua kompyuta, fungua tovuti yoyote kwa Chrome, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye taarifa za muunganisho, kisha fungua cheti. Utakuta sehemu inayoonyesha kimetolewa kwa nani: jina la kikoa, na chini yake mstari wa taasisi. Kwenye cheti cha DV, cha bure au cha kulipia, mstari huo unaeleza kwamba taarifa hiyo haimo kwenye cheti. Kwenye OV na EV utasoma jina la kampuni. Mteja wako atalazimika kupita njia hiyo yote ili aone ulichokilipia. Sijui mnunuzi wa viatu mtandaoni anayefanya hivyo, tena akiwa kwenye simu yenye kioo kidogo.

Zamani EV ilikuwa na uzito wake. Kanuni zake zilipotoka mwaka 2007, vivinjari vilianza kuonyesha jina la kampuni kwa kijani kando ya anwani, na benki zikakimbilia kununua. Halafu Desemba 2017 mtafiti wa usalama Ian Carroll akasajili kampuni iitwayo Stripe, Inc katika jimbo la Kentucky, Marekani. Kampuni kubwa ya malipo yenye jina hilo ilikuwa imesajiliwa Delaware, na kila jimbo lina daftari lake. Usajili ulimgharimu dola 100, cheti cha EV dola 77, na yote yalikuwa halali. Safari wakati ule ilionyesha jina la kampuni pekee na kuficha anwani, kwa hiyo mtu aliyefungua tovuti ya Carroll aliona "Stripe, Inc" kwa kijani, wala hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha. Utafiti wa Google nao ulionyesha kwamba watumiaji hawabadilishi mwenendo wao jina lile linapoondolewa. Safari iliacha kulionyesha mwaka 2018, Chrome ikafuata kwa toleo la 77 la Septemba 2019, na Firefox kwa toleo la 70 mwezi uliofuata. Anayekuuzia EV leo kwa ahadi ya "mstari wa kijani" anauza picha ya miaka iliyopita.

Kufuli lenyewe nalo limeondoka. Septemba 2023, kwa toleo la 117, Chrome ilibadilisha alama ya kufuli ikaweka ya mipangilio, kwa sababu watu wengi walidhani kufuli maana yake ni tovuti ya watu waaminifu. Tapeli anayefungua tovuti inayofanana na ya benki yako anapata cheti cha DV kama mtu mwingine yeyote, maana jina lile la uongo analimiliki kweli. Cheti ni kama barua ya serikali ya mtaa: kinathibitisha kwamba mtu huyu anakaa hapa, hakisemi kama analipa madeni yake. Hilo lipo kwenye cha bure na lipo kwenye cha kulipia. Ndiyo maana onyo la "angalia kufuli" halimtoshi tena mteja. La kumsisitizia ni kulisoma jina la kikoa herufi kwa herufi kabla ya kuandika nenosiri.

Bure ilitoka wapi

Kuna wanaoamini cha bure ni chambo cha kampuni fulani, kwamba siku moja bei itatangazwa. Wasiwasi huo una haki yake, kwa maana tumeshuhudia huduma nyingi zilizoanza hivyo. Ila historia ya Let's Encrypt ni nyingine. Inaendeshwa na Internet Security Research Group, shirika lisilo la faida lenye makao California. Miongoni mwa waasisi wake ni Josh Aas na Eric Rescorla kutoka Mozilla, watengenezaji wa Firefox, Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za kidijitali, na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mradi ulitangazwa Novemba 2014, cheti cha kwanza kikatolewa Septemba 2015, na Desemba mwaka huohuo milango ikafunguliwa kwa wote. Kufikia Februari 2020 vyeti bilioni moja vilikuwa vimeshatolewa. Fedha zake ni michango na udhamini, kutoka kwa kampuni na watu wanaofaidika intaneti ikiwa salama.

Wakati ule msukumo ulikuwa mkubwa. Tovuti nyingi hazikuwa na HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa, kabisa, na gharama pamoja na usumbufu vilikuwa kikwazo halisi kwa shule, zahanati, vikundi vya akina mama na magazeti madogo. Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika "si salama" mbele ya kila tovuti isiyo na cheti. Bila cheti cha bure, onyo hilo lingewaangukia wale wasio na uwezo wa kulipa. Naliona hilo kuwa moja ya mambo mema yaliyowahi kufanyiwa intaneti.

Let's Encrypt haiko peke yake. Google Trust Services na ZeroSSL wanatoa vyeti vya bure pia, na Cloudflare imekuwa ikiwawekea wateja wake wa bure tangu Septemba 2014. Utaratibu wa kuomba kwa mashine, uitwao ACME, ukawa kiwango rasmi Machi 2019, na sasa hata mamlaka zinazouza vyeti huutumia. Mtoaji mmoja akifunga, unahamia kwa mwingine kwa kubadilisha mstari mmoja au miwili kwenye programu yako.

Tarehe ya kuisha

Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kwa siku 90. Wauzaji wengi wamelitumia hilo kama hoja yao kuu: chetu ni cha mwaka mzima, cha bure kitakusumbua kila miezi mitatu. Kwa mtu anayehuisha kwa mkono hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Sasa inapoteza msingi.

Kuna jukwaa liitwalo CA/Browser Forum ambako watengenezaji wa vivinjari na mamlaka za vyeti huafikiana kanuni. Miaka ya nyuma cheti kiliweza kudumu hata miaka mitano. Kikomo kikashushwa hadi siku 825 mwaka 2018, kisha siku 398 kuanzia Septemba 2020 baada ya Apple kushikilia msimamo. Aprili 2025 jukwaa lilipiga kura ya kukata zaidi: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kanuni hiyo haijali umelipa au hujalipa. Muuzaji anaweza kuendelea kukutoza kwa mwaka, au hata miaka mitatu, lakini utakachokuwa umenunua ni haki ya kupewa cheti kipya tena na tena. Kukibandika kwenye seva kila mara kitabaki kuwa kibarua chako, au cha mashine yako.

Sababu ya kufupisha ni nzuri. Ufunguo wa siri ukiibiwa, mwizi anaweza kuutumia hadi cheti kiishe, kwa kuwa njia za kukifuta kabla ya wakati hazifanyi kazi vizuri kwenye vivinjari vingi. Majina ya vikoa nayo hubadilisha wamiliki. Cheti kifupi kinapunguza muda wa madhara.

Na cheti kinapoisha, bei uliyolipa haikusaidii. Tarehe 3 Februari 2020, huduma ya Microsoft Teams ilikatika kwa saa kadhaa kwa sababu cheti kimoja kilikuwa kimepita tarehe. Kampuni yenye wahandisi maelfu. Sasa fikiria duka lako, ambalo aliyeliwekea cheti ni kijana wa chuo aliyekwishapata kazi kwingine, na barua pepe za kukumbusha zinaenda kwenye anwani yake ya zamani. Wateja wakifungua wanakutana na ukurasa unaowaonya kwamba data zao zinaweza kuibwa. Wengi hawatapiga simu kuuliza. Watanunua kwingine.

Hata barua za ukumbusho si za kutegemea: Let's Encrypt ilisitisha zake tarehe 4 Juni 2025. Kinachohitajika ni mfumo unaojihuisha wenyewe. Kwenye seva yako mwenyewe, Certbot au programu kama hiyo hukagua mara mbili kwa siku na kuomba cheti kipya siku zikikaribia. Kwenye seva ya kuchangia yenye cPanel, programu ya kusimamia seva, kuna AutoSSL, ambayo msimamizi huiwasha na kuisahau. Juu yake weka kipimo cha pembeni kinachoitembelea tovuti yako na kukutumia ujumbe cheti kikibakiza wiki mbili, kwa sababu mashine nazo hukwama: rekodi ya DNS imebadilishwa, ngome ya moto imezuia njia, diski imejaa. Ukiwa na hivyo viwili, muda wa siku 90 au 47 hausikiki. Usipokuwa navyo, hata cheti cha siku 200 ni ajali inayosubiri tarehe.

Je, cha kulipia kinaaminika zaidi?

Kuna dhana kwamba kampuni inayotoza fedha ni makini zaidi. Kumbukumbu za sekta hii hazikubali. Mwaka 2011 DigiNotar, mamlaka ya Uholanzi iliyokuwa ikiuza vyeti na kuihudumia hata serikali yake, ilivamiwa na wadukuzi waliojitengenezea mamia ya vyeti bandia, kimoja kikiwa cha google.com. Kilitumika kupeleleza watumiaji wa Gmail nchini Iran. Vivinjari viliiondoa kwenye orodha, na Septemba mwaka huo ikafilisika. Symantec, iliyokuwa miongoni mwa wakubwa kabisa, ilipoteza imani ya Chrome kwa makosa ya utoaji; vyeti vyake vya zamani vyote vikawa vimekataliwa kufikia toleo la 70 la Oktoba 2018. Juni 2024 Google ilitangaza kutoviamini vyeti vipya vya Entrust kwa sababu za aina hiyo.

Let's Encrypt nayo imekosea. Mwanzoni mwa 2020 iligundua hitilafu katika ukaguzi wa rekodi za CAA, zinazotaja mamlaka zilizoruhusiwa kutoa vyeti vya kikoa, ikatangaza kwamba vyeti zaidi ya milioni tatu vilihitaji kubadilishwa ndani ya siku chache. Julai 2024 zamu ikawa ya DigiCert, wauzaji wakubwa: alama moja ndogo ilikuwa imeachwa kwenye utaratibu wa kuthibitisha vikoa, na vyeti zaidi ya 83,000 vikatakiwa kufutwa ndani ya saa 24, ingawa baadhi ya wateja waliongezewa muda. Matukio haya mawili nayaweka pamoja kwa makusudi. Katika yote mawili aliyelala usingizi ni yule ambaye mashine yake iliweza kuomba cheti kipya kwa amri moja, na aliyehangaika ni yule aliyekuwa akibandika vyeti kwa mkono.

Dhamana nayo isikuhadae. Vyeti vya kulipia hutangazwa na "dhamana" ya dola 10,000, au hata zaidi ya milioni moja. Soma masharti: mara nyingi fidia inamhusu mgeni wa tovuti aliyepata hasara kwa sababu mamlaka ilimpa cheti mtu asiyestahili. Tovuti yako ikidukuliwa kwa nenosiri dhaifu au programu-jalizi iliyochakaa, dhamana hiyo haikuhusu.

Pale ambapo kulipa kuna maana

Yote niliyoandika hayamaanishi kwamba anayelipa amepotea. Kuna hali ninazozijua ambazo ningelipa bila kusita.

Ya kwanza ni vifaa vikongwe, na kwa Afrika Mashariki hili ni jambo la kweli. Kila simu huja na orodha yake ya mamlaka. Mzizi wa Let's Encrypt, yaani cheti mama kinachoitambulisha kwenye orodha hiyo, uliingia kwenye Android kuanzia toleo la 7.1.1, kabla ya hapo vyeti vyake vilikubalika kwa kuegemea mzizi wa zamani wa kampuni ya IdenTrust. Novemba 2020 Let's Encrypt yenyewe ilieleza kwamba theluthi ya vifaa vya Android, asilimia 33.8, vilikuwa chini ya toleo la 7.1. Mzizi ule wa zamani ulipoisha tarehe 30 Septemba 2021, walikuwa wamepata suluhisho la muda lililozibakiza simu hizo hewani, nalo likamalizika Septemba 2024. Kwa hiyo simu ya Android 6 inayopita mkono hadi mkono itatoa onyo kwenye tovuti yenye cheti hicho, isipokuwa kwa Firefox, inayobeba orodha yake yenyewe. Kama unahudumia wakulima wenye simu za namna hiyo, au una mashine za malipo na vifaa vya kupimia visivyosasishwa, tafuta mamlaka yenye mzizi mkongwe zaidi na uijaribu kwenye kifaa chenyewe kabla ya kutoa fedha. Mizizi mikongwe nayo inaondolewa taratibu, kwa hiyo huko ni kununua muda.

Ya pili ni sera. Benki, taasisi ya serikali au mteja mkubwa wa nje anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba cheti lazima kiwe OV au EV. Ukitaka zabuni, utakinunua. Lakini msichanganye sera hizo na sheria. Kanuni za PCI DSS za malipo ya kadi zinataka usimbaji imara na cheti halali. Hazitaji bei wala ngazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinadai hatua za usalama zinazofaa, bila kukuchagulia cheti. Muuzaji anayesema "sheria inataka EV", mwombe akuonyeshe kifungu.

Ya tatu ni msaada. Let's Encrypt haina namba ya simu. Ina nyaraka nzuri na jamii ya watu wanaojitolea kujibu maswali kwa Kiingereza. Shirika lenye seva nyingi, mifumo ya zamani isiyojua ACME, na haja ya mtu wa kumpigia saa nane usiku, linanunua kitu halisi linapolipa. Ulizia tu kama mtu huyo yupo kweli, na kama mkataba unamtaja.

Sababu ya cheti kimoja cha matawi yote ya kikoa, ambayo wengi huitaja, imepitwa na wakati: Let's Encrypt inatoa aina hiyo bure tangu Machi 2018, kwa sharti la kuthibitisha kupitia DNS.

Kwa wengine wote, yaani duka, shule, kanisa, msikiti, kliniki, blogu, hata programu inayopokea malipo ya simu, DV ya bure inayojihuisha inatosha. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye nakala rudufu na masasisho.

Kabla hujalipa, kagua haya kwa mtoa huduma wako. Muulize kama seva yake ina AutoSSL au ACME, na kama imewashwa kwenye akaunti yako. Wapo wanaoizima makusudi ili wauze vyeti vyao, na kisha kumwambia mteja kwamba "seva yetu haikubali vya bure". Hiyo ni sababu tosha ya kuhama. Muulize ufunguo wa siri unakaa wapi. Akikutumia kwa barua pepe au WhatsApp, uhesabu umeshavuja na uombe kipya. Kisha ongeza rekodi ya CAA kwenye DNS yako, mstari mmoja unaotaja mamlaka unazoruhusu zitoe vyeti kwa jina lako. Nyingine zote zinalazimika kukataa. Mwisho, andika jina la kikoa chako kwenye tovuti ya crt.sh. Utaona vyeti vilivyowahi kutolewa kwa jina hilo na kuandikwa kwenye daftari za wazi: nani alivitoa, lini, na vinaisha lini. Ukikuta usichokitambua, mpigie aliyekutengenezea tovuti siku hiyohiyo.